Kauli ya marehemu: Aliisema au aliiandika?

*Familia nyingi hugombana si kwa sababu marehemu hakusema, bali kwa sababu alisema na kila mtu akasikia lake. Makala hii inapima nguvu ya neno la mdomo na neno la maandishi pale ambapo msemaji hawezi tena kuulizwa: kwenye wosia.*

Na Mwandishi Wetu

MBAGALA, Dar es Salaam. Matanga yameanuliwa juzi, lakini turubai bado liko juu ya uwanja kwa sababu mwenye kulikodisha hajaja kulichukua. Viti vya plastiki vimepangwa nusu duara. Kwenye mkeka, upande wa kinamama, mjane ameegemea ukuta. Hajasema neno tangu kikao kifunguliwe kwa sala. Kijana mmoja wa ukoo, aliyepewa ukatibu kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, ameweka daftari kubwa magotini. Ndiye atakayeandika muhtasari wa kikao, ule ambao mahakama itautaka kabla ya kusikiliza ombi la usimamizi wa mirathi.

Ajenda ya pili ni nyumba, na hapo ndipo kikao kinapokwama.

Kaka wa marehemu anasema ndugu yake alimwita hospitalini, siku chache kabla ya kufariki, akamwambia nyumba ibaki ya ukoo, isiuzwe, na watoto wa ndugu wanaokuja kusoma mjini wafikie humo. Binti mkubwa wa marehemu anamsubiri amalize, kisha anaomba ruhusa ya kuzungumza.

"Baba mkubwa, samahani, sikupingi. Lakini mimi baba alinipigia simu mwezi wa nne, akaniambia nyumba ni ya mama."

"Alikuambia wewe peke yako, mwanangu?"

"Peke yangu."

"Na mimi aliniambia peke yangu."

Kalamu ya katibu imesimama juu ya daftari. Hajui aandike lipi. Shangazi mmoja anashauri wasonge mbele, suala la nyumba lizungumzwe siku nyingine, na wote wanakubali haraka, kama watu waliokuwa wakisubiri kuokolewa.

Hakuna aliyemwita mwenzake mwongo, na huenda hakuna aliyedanganya. Mgonjwa hubadili nia. Mtu humwambia binti yake la kumfariji na kaka yake la kumtuliza. Kila neno lilikuwa la kweli mahali liliposemwa. Tatizo ni kwamba aliyeyasema yote mawili amezikwa, na mjane aliyeegemea ukuta hajui kama mwakani atakuwa bado anaishi humo.

Tunajadili mara nyingi ubora wa mazungumzo na maandishi: mwalimu ubaoni, bosi na barua zake, daktari na cheti chake cha dawa. Kote huko kuna nafasi ya kuuliza tena. Kwenye wosia nafasi hiyo haipo, na ndiyo maana hapa ndipo udhaifu wa kila upande unapoonekana wazi.

Sheria inalitambua neno la mdomo

Wengi wanaamini wosia lazima uwe karatasi. Sivyo. Tanzania Bara, Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, linalokusanya sheria za mila, linatambua wosia wa mdomo na wa maandishi. Wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, unatosha kwa mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Kama hajui, wanarudi wanne.

Hesabu hiyo inaeleza jambo. Karatasi inapokuwepo na mwenyewe anaweza kuisoma, mashahidi wawili wanapungua. Asipoweza, sheria inairudishia kazi midomo ya watu. Na kuwachanganya ndugu na watu baki si urembo. Ndugu anamjua marehemu na mali zake. Mtu baki hana cha kupata.

Sasa mtazame marehemu wa Mbagala. Alimwambia binti kwenye simu na kaka kitandani, kila mmoja peke yake. Kwa sheria hiyo ya mila, hakuna hata moja kati ya kauli hizo iliyofikia kuwa wosia.

> *"Mgonjwa hubadili nia. Kila neno lilikuwa la kweli mahali liliposemwa."*

Kenya imeweka masharti yake kwenye Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Wosia wa mdomo unakubalika ukitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutoa afariki ndani ya miezi mitatu. Akiishi zaidi ya hapo, unakufa wenyewe, isipokuwa kwa askari au baharia aliye kazini. Tena wosia wa mdomo haufui dafu mbele ya wosia wa maandishi ambao haujafutwa.

Kwangu mimi, kifungu cha kumi cha sheria hiyo ndicho chenye busara kubwa zaidi. Kinasema mashahidi wakipingana kuhusu yale marehemu aliyotamka, wosia hautakuwa na nguvu ila kwa sehemu inayothibitishwa na shahidi huru, yaani asiyefaidika nao. Waliotunga sheria hiyo waliijua kumbukumbu ya binadamu.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, Frederic Bartlett, aliionyesha kumbukumbu hiyo katika kitabu alichochapisha mwaka 1932. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini waisome, kisha akawataka waisimulie baada ya muda. Mitumbwi ikageuka mashua za kawaida. Kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Hakuna aliyekusudia kupotosha. Kila mmoja aliijaza hadithi kwa mambo aliyoyazoea yeye. Ikiwa hadithi isiyo na faida kwa msimulizi inabadilika hivyo, kauli inayohusu nyumba na kiwanja itabaki vipi ilivyokuwa?

Siku 154 za wakili wa Nairobi

Mfano mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki unamhusu mtu ambaye kazi yake ilikuwa maneno. Silvano Melea Otieno, wakili maarufu wa kesi za jinai Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui Otieno, Mkikuyu na mwanaharakati wa uhuru, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, naye kwao ni Nyalgunga, Siaya.

Wakili huyo hakuacha wosia wa maandishi. Aliacha mazungumzo.

Upande wa mjane ulileta mashahidi waliosema walimsikia akitaka azikwe Matasia. Upande wa ukoo ukaleta wake, akiwemo mchimba makaburi wa kijijini, aliyeeleza kuwa Otieno alimwambia akifa amchimbie karibu na kaburi la baba yake. Nje ya mahakama watu walifurika, ndani mawakili wakashindana kuhusu sentensi ambazo hakuna aliyeziandika siku zilipotamkwa.

Februari 1987 Mahakama Kuu iliupa haki ukoo, ikishika mila ya Wajaluo. Mei 15 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufariki. Wambui hakuhudhuria.

Tusijidanganye: karatasi peke yake huenda isingebadilisha hukumu, kwa kuwa majaji waliangalia zaidi ni sheria ipi inamhusu Mjaluo aliyeoa na kuishi mjini. Lakini karatasi ingeondoa mabishano ya alisema nini. Watoto wake wasingepanda kizimbani kuapa kuhusu maneno ya baba yao huku mwili wake ungali mochwari.

Kwa nini tunasema badala ya kuandika

Muulize mzee yeyote kwa nini hajaandika wosia, jibu utakaloletewa ni kwamba kufanya hivyo ni kujichulia. Karatasi inayoanza na habari za kifo changu inaonekana kama mwaliko. Kusema ni kwepesi zaidi, kwa sababu maneno yanaweza kupitishwa kwa mzunguko: "mimi nikiwa sipo," "siku Mungu akipenda," "mjue tu kwamba kile kiwanja…" Na msikilizaji, kwa heshima, hamkatizi baba kumuuliza kile kiwanja kipi.

Lakini si woga tu. Neno la mdomo lina uwezo ambao karatasi haina, na anayelidharau hajawahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Linabeba sauti, linabeba macho. Baba anayemwambia mwanawe, mbele ya ndugu zake, kwamba shamba anampa dada yao kwa sababu ndiye aliyemuuguza mama, anatoa mali na sababu kwa pamoja. Anayesikia anaweza kuuliza, kulalamika, hata kulia, na akajibiwa. Siku ya kugawana hatashtuka. Karatasi inatoa amri. Mazungumzo yanampa nafasi anayepoteza akubali.

Pwani tulilijua hili zamani. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa karibu mwaka 1858, alimtungia bintiye wasia ambao mpaka leo unasomwa. Katika utendi huo, mama anamwita binti akae karibu naye, na aje na wino na karatasi, kwa maana ana jambo moyoni anataka kumwambia. Anasema na anaandikisha kwa wakati mmoja. Binti anasikia sauti ya mama yake, na karatasi inaipokea sauti hiyo. Mwana Kupona alifariki karibu miaka miwili baadaye. Wasia wake una zaidi ya miaka 160.

Ule haukuwa wosia wa mali, ulikuwa wa maadili. Lakini namna ulivyotolewa, mdomo na wino vikiwa chumba kimoja, ndiyo ninayoitetea katika makala hii.

> *"Karatasi inatoa amri, mazungumzo yanampa nafasi anayepoteza akubali."*

Karatasi nayo ina maadui

Wapo wanaosema jibu ni rahisi: kila mtu aandike, basi. Mahakama zingekuwa na kazi ndogo kama ingekuwa hivyo.

Mfanyabiashara Reginald Mengi, mmoja wa matajiri waliojulikana sana Tanzania, alifariki Dubai tarehe 2 Mei 2019. Ukaletwa wosia wa maandishi wa mwaka 2017. Familia ikagawanyika, shauri likaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2021 mahakama ikaukataa wosia huo baada ya kupima mambo kadhaa, ikiwemo hali ya afya ya marehemu wakati ule na namna ulivyoshuhudiwa. Karatasi ilikuwepo. Wanasheria walikuwepo. Bado maswali yaliyoulizwa ni yaleyale ya wosia wa mdomo: nani alikuwepo, alikuwa katika hali gani, na kwa nini hawa na si wale.

Wosia wa siri una ubaya wake. Unafunguliwa wakati watu wana majonzi, unasomwa na mtu wa nje, na kwa mara ya kwanza mtoto anagundua alivyopimwa na mzazi wake. Hawezi kumuuliza. Anachoweza ni kuupinga, na njia ya kuupinga ni kusema baba hakuwa na akili timamu, au mama alimshika mkono akasaini. Ndivyo kimya cha mzazi kinavyomgeuza ndugu kuwa mshitaki wa ndugu.

Maandishi pia yanaweza kuwa mafupi mno. "Nyumba yangu" kwa mtu mwenye nyumba mbili. "Shamba la bondeni" bila jirani wala mpaka. "Watoto wangu" wakati kuna mtoto wa nje ambaye baba alimhesabu na ukoo haukumhesabu. Haya ni maswali ya dakika moja kama mwenyewe yu hai. Akishafariki, ni ya miaka.

Sheria ileile ya mwaka 1963 ililiona hilo. Mwenye wosia akitaka kumnyima mrithi wake, lazima aeleze sababu waziwazi, na huyo anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea, ama mbele ya mwenye wosia mwenyewe ama mbele ya baraza la ukoo. Yaani hata pale ambapo wino umeruhusiwa kufanya kazi kubwa kabisa, ile ya kumkata mtoto, sheria inadai kwanza watu wakae wazungumze. Sharti hilo halijulikani kama linavyostahili.

Mila ilipoingia kwenye karatasi

Kuna upande mwingine wa mabishano haya ambao wanawake wa nchi yetu wameulipia.

Kabla ya Tangazo la 1963, mila zilikaa vichwani mwa wazee. Zilitofautiana kijiji na kijiji, na mzee mwenye huruma aliweza kumtafutia mjane njia. Mwishoni mwa ukoloni ulianza mradi wa kuzikusanya na kuziunganisha. Mmoja wa walioifanya kazi hiyo ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeitumikia serikali ya Tanganyika kama mtaalamu wa mila, ambaye alifariki mwaka 1962, kabla tangazo halijatoka. Wazee walihojiwa, majibu yakalinganishwa, na kilichokubalika kikapigwa chapa.

Kilichopigwa chapa kiliacha kusikiliza. Kanuni mojawapo inasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Hakimu mwaka huu anaweza kuifungua na kuisoma kama ilivyosomwa miaka sitini iliyopita. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, waliotajwa kwa herufi tu za majina yao, E.S. na S.C., walitolewa kwenye nyumba walizoishi na waume zao. Walishindwa kupata nafuu nchini, wakafika Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikaona haki zao zimevunjwa. Kanuni yenyewe ikabaki kwenye vitabu.

Lakini angalia na Kagera. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Mwaka 1988 akaiuza. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani akidai mila iliyoandikwa haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, na kwa kusoma tu alikuwa sahihi: ndivyo ilivyoandikwa. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akachukua maandishi mengine, yaani tamko la haki za binadamu lililoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, akaamua kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi na Holaria ana haki ya kuuza kama mwanamume.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema maandishi ndiyo yaliyowaumiza wanawake na tungebaki na busara ya wazee. Busara hiyo ilimtegemea mzee. Mwanamke asiye na mzee wa kumtetea alibaki mikono mitupu, na kwenye vikao vingi vya ukoo hata leo neno la mjane huombwa mwisho, watu wameshaanza kukusanya viti. Kwa mwanamke, wosia ulioandikwa na mume au baba ni silaha ambayo kikao hakiwezi kuinyamazisha. Mila ya karatasi ilimnyima. Wosia wa baba ulimpa.

> *"Kwenye vikao vingi vya ukoo hata leo, neno la mjane huombwa mwisho, watu wameshaanza kukusanya viti."*

Na simu je?

Siku hizi kuna wanaorekodi. Mzee anazungumza, kijana anashika simu, sauti inatumwa kwenye kundi la familia. Tanzania imekuwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu 2015, na ushahidi wa aina hiyo unaweza kupokewa na kupimwa mahakamani. Lakini rekodi kuwa ushahidi ni kitu kimoja, na wosia uliotimiza mashahidi wake ni kitu kingine. Simu haionyeshi nani alisimama nyuma ya kamera. Rekodini kama mnataka kubaki na sauti ya mzazi wenu, na ni jambo zuri. Msiiweke mahali pa mashahidi.

Kaeni kikao mkiwa hai

Nikilazimika kuchagua kati ya mdomo na karatasi, nachagua karatasi, kwa sababu ndiyo pekee isiyougua wala kusahau. Lakini hakuna sababu ya kulazimika. Katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qurani, Waislamu wanaagizwa waandike deni la muda na pia waite mashahidi. Vyote viwili. Na Mtume alihimiza mwenye kitu cha kuusia asipitishe siku mbili bila wosia wake kuwa umeandikwa. Fungu la wosia huo kwa Mwislamu halizidi theluthi ya mali, na warithi waliokwisha kupangiwa mafungu yao hawausiwi bila ridhaa ya wenzao. Hata hivyo madeni, amana za watu na kiwanja ambacho hati yake iko kwa jina la mtu mwingine vinahitaji maandishi kuliko mali nyingine yoyote.

Wazazi, anzeni na mazungumzo. Waiteni watoto wote, si yule mnayemwamini peke yake, na mke au mume awepo. Semeni nani anapata nini na kwa nini. Acheni wanaolalamika walalamike mkiwasikia. Kisha andikeni, kwa wino usiofutika au kwa chapa, mkitaja tarehe, kiwanja kilipo na kimepakana na nani, na majina kamili ya mnaowapa. Waiteni mashahidi wasiorithi, wa ukoo na wa nje, wote wakiwepo mnaposaini au kuweka dole gumba. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), kwa wakili, benki au katika taasisi ya dini mnayoiamini. Mwambieni zaidi ya mtu mmoja uko wapi. Mkibadili nia, badilisheni karatasi, msiishie kumnong'oneza mgeni aliyekuja kuwajulia hali.

Na watoto wakubwa, msisubiri wazee waanze. Mwezi ujao mkikutana kwa harusi au ubatizo, ulizeni kwa adabu, mbele ya wote, na mmoja wenu awe na kalamu.